Pole na Ibada

Kiswahili kina salamu ninayoipenda kuliko zote: "Pole na kazi." Unamkuta mtu shambani, kwenye cherehani, au amekaa tu nyuma ya kompyuta ofisini, hujamuuliza kama amechoka wala yeye hajalalamika, lakini unampa pole. Naye anakujibu, "Asante, nimepoa." Lugha yenyewe imeshakubali kwamba kazi, hata iliyo njema na yenye mshahara, inamla mtu, na kwamba anayeliwa anastahili neno la kumpoza.

Siku hizi nimeiongezea salamu hiyo mdogo wake. Jumapili jioni nikikutana na wanakwaya wenzangu kituoni, kila mmoja na kanzu yake ya kwaya kwenye mfuko wa plastiki, macho mekundu, viatu mkononi, nawaambia: "Poleni na ibada." Wanacheka. Katika miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyenibishia.

Basi niseme wazi ninachotaka kusema, na anayetaka kukasirika akasirike mapema. Makanisa yetu yanahubiri pumziko la Kristo kwa mdomo, na kwa ratiba yanahubiri kinyume chake. Tumemgeuza Mungu kuwa bosi wa pili, anayetusubiri tukitoka kwa bosi wa kwanza. Na sisi waumini, tukishachoka kwa mabosi wote wawili, tunakwenda kujipumzisha juu ya mgongo wa mtu wa tatu ambaye hatumtaji kabisa. Nitamtaja baadaye.

Kwanza ratiba. Chukua mwanamke mmoja wa kawaida, ana ajira, ana watoto wawili, anaishi pembezoni mwa Dar es Salaam. Anaamka saa kumi alfajiri ili aiwahi foleni kabla foleni haijamuwahi yeye. Anarudi usiku. Jumatano ana mazoezi ya kwaya. Alhamisi kuna ushirika wa akina mama. Ijumaa kuna mkesha. Jumamosi alfajiri, kama ni Mkatoliki, jumuiya ndogo ndogo. Kama ni wa kanisa jingine, zamu ya usafi. Mchana kamati ya harusi ya mtoto wa mzee wa kanisa. Jumapili ibada ya kwanza inaanza saa kumi na mbili na nusu, na kwaya inaimba ibada zote mbili. Kisha matangazo, ambayo ni ibada ya tatu. Kisha mnada wa mavuno, ambapo kuku mmoja anauzwa mara tano na kila anayemnunua anamrudisha madhabahuni. Kisha kikao kifupi cha ujenzi, na kila aliyewahi kukaa kwenye kikao kifupi anajua urefu wake. Anafika nyumbani saa tisa alasiri. Simu yake ina magrupu manne ya WhatsApp ya kanisa, na moja kati ya hayo huamka saa tisa usiku kwa ajili ya maombi.

Sisemi kwamba mambo haya, moja moja, ni mabaya. Kuimba kwaya ni furaha yangu ya wiki. Harambee za makanisa zimejenga zahanati na shule mahali ambapo serikali ilikuwa bado haijafika. Kamati ya mazishi inambeba mfiwa wakati hajui hata ashike wapi. Ninachokilaumu ni jumla yake. Hakuna anayeipiga hesabu hiyo jumla, kwa sababu kila kikundi kinaangalia siku yake moja tu, na anayebeba siku zote saba ni yuleyule mama.

Halafu ongeza mahubiri. Mwaka ukianza tunatangaziwa kuwa ni mwaka wa kupenya, kwa hiyo siku 21 za kufunga. Anayesinzia mkeshani anaitwa mvivu wa kiroho. Tunaambiwa adui halali, kwa hiyo na sisi tusilale. Kijana aliyetoka kuzunguka na bodaboda tangu alfajiri anaelezwa kwamba mafanikio yake yamechelewa kwa sababu hajapambana vya kutosha kwenye magoti. Yaani mchana mtaa unamwambia apambane, usiku kanisa linamwambia apambane. Huyu mtu atapoa wapi?

Sasa twende kwenye maandiko yenyewe, maana mimi siandiki haya kama mtu aliyelichoka kanisa na anatafuta mlango wa kutokea. Ninaandika kwa sababu naamini yaliyoandikwa.

Mathayo sura ya 11 inafunga kwa ule mwaliko ambao kila Mkristo anaujua, Yesu akiwaita waliolemewa na mizigo waje awapumzishe. Tumeuchora ukutani, tumeuandika nyuma ya daladala, tunausoma msibani. Lakini tunausoma kana kwamba mizigo ile ni foleni, ada za shule na kodi ya nyumba. Soma mbele kidogo. Katika sura ya 23 ya Mathayo huyohuyo, Yesu anawataja kwa jina watu wanaofunga mizigo mizito na kuwatwika wengine mabegani, wakati wao wenyewe hawanyanyui hata kidole. Si watoza ushuru. Si askari wa Kirumi. Ni walimu wa dini. Na mgawanyo wa sura tunaoutumia leo uliwekwa karne ya 13, Mathayo hakuuandika. Ukiuondoa, mara tu baada ya ule mwaliko unakutana na wanafunzi wenye njaa wakivunja masuke shambani siku ya sabato, na watu wa dini wakiwafokea. Mwandishi ameviweka vitu hivyo viwili bega kwa bega. Waliochoka anaowaita Yesu, kwa sehemu kubwa, wamechoshwa na dini.

Kwa hiyo mchungaji anaposoma mwaliko ule kisha akamalizia kwa kutangaza vikao vitano vya wiki ijayo, angalau ajue amesimama upande gani wa hadithi.

Kuna mahali pengine panaponitisha zaidi. Kutoka sura ya 5. Musa na Haruni wanakwenda kwa Farao na ombi dogo: watu wapewe siku chache waende jangwani kumwabudu Mungu wao. Farao anajibu nini? Anasema hawa ni wavivu. Anaamuru wanyimwe majani ya kufyatulia matofali, wakayatafute wenyewe, na hesabu ya matofali isipungue hata moja. Neno "wavivu" analirudia, halimtoki mdomoni. Katika Biblia nzima ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa mtu anayetaka kupumzika akiitwa mvivu, na neno hilo linatoka kinywani mwa Farao. Leo linatoka kwenye kipaza sauti cha mkesha, saa nane usiku, likielekezwa kwa muuguzi aliyetoka zamu.

Nitakumbushwa mara moja kwamba Paulo alisema asiyetaka kufanya kazi asile. Sawa, na taifa letu limelipenda sana neno hilo. Tulipata uhuru tukiimba "Uhuru na Kazi", na mwaka 2015 tukapiga kura chini ya "Hapa Kazi Tu". Hata methali tumezikata nusu ili zitufanyishe kazi: mzee akianza, "Mchumia juani," sisi tayari tumeshashika jembe. Methali haiishii hapo. Mchumia juani hulia kivulini. Kivuli ndiyo nusu ya pili, nacho ndicho jua lilikochumiwa. Na amri ya sabato nayo ina nusu mbili: siku sita fanya kazi, ya saba acha. Paulo alikuwa Myahudi aliyekulia ndani ya amri hiyo. Aliwaandikia Wathesalonike waliokaa bure wakila vya wenzao. Hakumwandikia mama wa saa kumi alfajiri.

Nije kwenye neno lenyewe, kwa kuwa ukumbi huu ni wa watu wanaopenda maneno. "Kupumzika" linatokana na pumzi. Anayepumzika anaivuta pumzi yake irudi. Nilidhani huo ni uzuri wa Kiswahili peke yake, kumbe Kiebrania nacho kiliwahi. Katika Kutoka 31:17 panasemwa kwamba siku ya saba Mungu aliacha kazi na kupumzika, na kitenzi kilichotumika pale ni ndugu wa neno "nefesh", nafsi, uhai unaopumua. Mungu alivuta pumzi. Kitenzi hicho ni adimu kweli. Katika Agano la Kale lote kinatokea mara tatu tu. Mara moja ni Mungu. Mara moja ni Mfalme Daudi, amechoka njiani akimkimbia mwanawe Absalomu. Na mara moja, Kutoka 23:12, ni mtoto wa mjakazi, pamoja na mgeni.

Mungu, mfalme, na mtoto wa kijakazi. Hao ndio waliopewa neno moja la kuvuta pumzi.

Sisi neno letu tumelipeleka wapi? Tumelipeleka makaburini. Ukisikia leo kanisani "amepumzika", ujue kuna jeneza. "Apumzike kwa amani" tunawaandikia maelfu ambao wakati wa uhai wao hatukuwaachia hata Jumamosi moja. Nimeshuhudia marehemu, mama aliyekuwa mhazini wa vikundi vitatu, akisifiwa kwa saa nzima kwamba hakuwahi kupumzika. Ilisemwa kama sifa. Na waliosema walikuwa haohao waliokuwa wakimpigia simu.

Sasa yule mtu wa tatu.

Amri ya sabato katika Kutoka 20 ina orodha. Usifanye kazi wewe, wala mwanao, wala binti yako, wala mtumwa wako, wala mjakazi wako, wala mnyama wako, wala mgeni aliye malangoni kwako. (Mke hatajwi. Wafafanuzi wanaeleza kwamba "wewe" ni mume na mke kwa pamoja. Akina baba wengi wa kwetu wanaonekana wamelielewa vingine.) Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 5 amri hiyo inarudiwa na sababu inabadilika. Kule Kutoka sababu ilikuwa uumbaji. Huku sababu ni utumwa: kumbuka nawe ulikuwa mtumwa Misri, kwa hiyo mtumwa wako na mjakazi wako wapumzike sawasawa na wewe. Ukiisoma vizuri, amri hii haimsemeshi aliyechoka. Inamsemesha mwenye nyumba. Inamwambia: acha kazi, ili walio chini yako waweze kuacha.

Sasa tuingie nyumbani kwa Mkristo wa mjini Jumapili mchana. Familia imerudi kutoka ibadani. Baba anavua tai, mama anajitupa kwenye kochi, watoto wanawasha televisheni. Wanasema, "Afadhali leo tupumzike." Na nani yuko jikoni? Dada. Aliamka kabla yao akapiga pasi nguo zao za ibada. Alibaki na mtoto mchanga. Amepika pilau, na atakosha vyombo vya pilau, kisha atafua sare za Jumatatu. Anatoka Iringa, Singida au Kigoma, ana miaka kumi na minane au hajaifikisha, na kwao alikuwa anaimba kwaya ya vijana. Hapa mjini ni miezi hajaingia kanisani. Tunamwita dada. Neno zuri kabisa, la damu moja. Dada yako wa tumbo moja ungemfanyia hivyo?

Tuongeze na mlinzi wa getini, ambaye Jumapili yake ni sawa na Jumanne yake. Huyo ndiye "mgeni aliye malangoni", na sidhani kama Musa angeweza kumweleza kwa usahihi zaidi.

Mtu ataniambia hayo ni mambo ya ajira, si ya imani. Ni ya vyote viwili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na inataka mfanyakazi apate saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inadai angalau siku moja katika kila siku saba. Shirika la Kazi Duniani mwaka 2011 lilipitisha Mkataba namba 189 mahsusi kwa wafanyakazi wa majumbani, na humo zimo saa 24 zilezile. Wanasheria, ambao wengi wao hawakuwa wakiandika theolojia, wamefika mahali Musa alipofika. Sisi tunaobeba Biblia ndio tumebaki nyuma.

Na historia ya pwani yetu inatoa aibu yake. Wanahistoria wa mashamba ya karafuu ya Unguja karne ya 19 wanaeleza kuwa ilikuwa desturi mtumwa kuachiwa Alhamisi na Ijumaa alime konde lake mwenyewe. Hayakuwa mapumziko, maana asipolima hakuwa na chakula, na simsifu mwenye shamba yeyote kwa hilo. Lakini angalau kulikuwa na siku ambazo si za bwana. Nionyeshe siku ambayo si ya bwana katika wiki ya dada wa kwako.

Kuna wanaojibu swali la uchovu kwa njia ya faragha. Nenda ukajitenge, zima simu, soma zaburi, panga mkeka ufukweni, urudi umechajiwa. Nayafahamu mafundisho hayo, na yana soko. Siyadharau moja kwa moja. Yesu mwenyewe, katika Marko sura ya 6, aliwaambia wanafunzi wajitenge wapumzike, maana watu walikuwa wakija na kuondoka hata nafasi ya kula hawana. Lakini pumziko la kuchajiwa lina kasoro. Simu huchajiwa ili itumike tena. Anayepumzika ili Jumatatu azalishe zaidi bado yuko kazini, amebadilisha tu kiti. Na siku ya mtu mmoja mmoja ina udhaifu mwingine: haina wenzake. Mwaka 1929 serikali ya Kisovieti ilifuta wiki ya siku saba. Wafanyakazi waligawanywa katika makundi matano, kila kundi na siku yake ya mapumziko, ili viwanda visizime kamwe. Siku za kupumzika zilikuwepo, tena nyingi kuliko mwanzo. Ila mume alipumzika siku moja, mke nyingine, rafiki nyingine. Watu walinung'unika, na mwaka 1940 siku saba zikarudi. Ufaransa nayo, kuanzia 1793, ilijaribu wiki ya siku kumi. Ilipofika mwanzo wa 1806 kalenda hiyo ilikuwa imeshatupwa. Mwili unaweza kulala peke yake. Lakini kupumzika kunataka watu wapumzike pamoja, na ndiyo maana amri ile ilitolewa kwa taifa zima kwa siku moja. Siingii kwenye ubishi wa Jumamosi na Jumapili. Ninachosema ni kwamba siku ambayo nusu ya nyumba inapumzika na nusu inachemsha maji, bado haijawa ya Bwana.

"Na maskini je?" Hili ndilo swali zito, na sitalikwepa. Mama ntilie asipopika Jumapili, Jumatatu hana mtaji. Kijana wa bodaboda ana hesabu ya kupeleka kwa mwenye pikipiki kila siku, Jumapili ikiwemo. Ukimhubiria huyo apumzike, unamwongezea mzigo wa tano juu ya minne. Nakubaliana kabisa, na ndiyo maana nimesema amri ile inamsemesha mwenye nyumba. Mwenye pikipiki anakaa safu ya pili kanisani. Namfahamu, na wewe wa kwenu unamfahamu. Ahubiriwe yeye. Aambiwe hesabu ni ya siku sita. Hilo mchungaji analiweza kesho asubuhi, bila harambee na bila kamati. Kule jangwani mana ya siku ya sita ilikuja mara mbili, ndipo watu wakaambiwa wasitoke kuokota siku ya saba. Kwanza walipewa cha kula, halafu wakaamriwa kukaa. Ukiamuru kukaa bila kutoa chakula, huo si mpango wa Mungu, ni kebehi tu. Nabii Amosi, sura ya 8, aliwaona wafanyabiashara wanaohesabu dakika sabato iishe wafungue maghala, wapunguze kipimo na kuongeza bei. Hasira yake haikumwelekea aliyenunua ngano ile.

Mpaka hapa mtu anaweza kuniuliza imani inafanya nini hasa, kama sheria ya ajira imeshasema. Nitajibu kwa ninavyoishi. Mimi siwezi kuacha kazi kama naamini kwamba nikiacha, dunia yangu inaanguka. Hakuna sheria inayoweza kuniondolea hofu hiyo. Wengi wetu hatuko bize kwa sababu ya kazi peke yake. Tuko bize kwa sababu tunaogopa. Tunaogopa kusahaulika, kupitwa, kuonekana si wa muhimu. Ubize umekuwa cheo. Mtu akikuuliza hali ukajibu "nipo tu, nimekaa," anakuonea huruma.

Mwanzo sura ya 1 inahesabu siku kwa namna ambayo mtu wa pwani ataielewa upesi: jioni inatajwa kwanza, asubuhi baadaye. Waswahili wa zamani nao walihesabu hivyo, siku mpya inaingia jua likizama, na bado tunasema "usiku wa kuamkia Jumapili", usiku uliokwisha kupewa jina la kesho. Majirani zetu Wasabato, waliofika Upareni mwaka 1903, wanaianza siku yao vivyo hivyo, Ijumaa magharibi, vyombo vimeshaoshwa na chakula kimeshapikwa. Maana yake, siku haianzi na mimi kuamka. Inaanza na mimi kulala, wakati Mungu yuko kazini. Ninapoamka asubuhi naikuta siku imeshafika nusu, nami naingia kusaidia. Nikiliamini hilo, naweza kuzima taa. Nisipoliamini, hata mkesha wangu ni wasiwasi uliovaa nguo za sala.

Na kwa aliyekwisha kuchoka kabisa, kuna Eliya. 1 Wafalme sura ya 19. Nabii amekimbia, ameketi chini ya mti jangwani, anaomba afe. Malaika anakuja. Hamkemei, hamwambii afunge, hamtafutii dhambi iliyosababisha uchovu. Anamgusa, anampa mkate wa moto na maji, anamwacha alale tena. Kisha anarudi mara ya pili na chakula kingine, akisema safari ni ndefu. Mahubiri yalikuja baadaye sana, mlimani, tena kwa sauti ndogo. Ningetamani watumishi wetu wasome sura hiyo kabla ya kumtembelea mwanakwaya aliyeacha kuja mazoezini.

Basi ninaomba mambo matatu, na yote hayana gharama ya bati wala saruji. Kila mwezi iwepo Jumapili moja ambayo baada ya baraka hakuna kikao, hakuna mnada, hakuna mazoezi, na mlango wa kanisa unafungwa watu waende kwao. Mahubiri yaache kumwita aliyesinzia mvivu. Neno hilo aachiwe Farao. Na katika kila orodha ya familia iliyo kwenye ofisi ya parokia au usharika, dada wa kazi aandikwe kama muumini, kwa jina lake, aulizwe yuko wapi asipoonekana, kama anavyoulizwa mtoaji mkubwa wa ahadi.

La nyumbani halihitaji kikao cha wazee. Wiki hii muulize dada wa kwako kwao anasali kanisa gani, na Jumapili angependa kutoka saa ngapi. Mpe nauli. Akishaondoka, ingia jikoni mwenyewe, ushike mwiko. Ugali ukitoka na mabuje, mtakula hivyohivyo, na akirudi jioni mpokee kwa salamu inayomstahili mtu aliyetoka kwa Bwana wake akiwa amepoa.